Homoni zinazoitwa za mama

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na gramu 2,450, wiki ya 39 ya mimba. Nesi aliisoma namba ile kwa sauti, akaiandika kwenye kadi, na kabla hajainua kichwa akaniuliza, "Mama, ulikuwa unakula kweli?" Nilikuwa bado natetemeka. Nikajibu, "Nilikula." Hakuuliza tena, lakini swali halikubaki wodini. Shangazi yangu alilileta hadi nyumbani kwa maneno yake: "Mwanangu, mbona umemnyima mtoto?" Mama mkwe hakusema kitu. Alimpakata mjukuu wake, akamtazama muda mrefu, na kimya chake nacho nilikisikia.

Baada ya miaka mitatu nikajifungua wa pili. Gramu 4,100. Simu hazikukoma siku nzima. "Sasa hapo umezaa!" Hakuna aliyeniuliza nilikula nini. Na hakuna aliyejua kwamba mtoto yule aliyesifiwa alishinda siku ya kwanza akichomwa kisigino kila baada ya saa chache, kwa sababu sukari yake ilikuwa ikishuka, na mimi nilikuwa nimelala pembeni nikihesabu pumzi zake. Yule mdogo wa gramu 2,450 alinyonya usiku wa kwanza akalala fofofo.

Mama ni yuleyule. Sikumnyima wa kwanza, wala sikumpendelea wa pili. Tangu wakati huo nimesoma kila nilichokipata kuhusu kinachomfanya mtoto azaliwe mkubwa au mdogo, hasa habari ya homoni za ujauzito, kwa kuwa kila nilipouliza niliambiwa tu, "ni mambo ya homoni zako." Neno hilo "zako" ndilo lililonifanya nichimbe. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba sehemu kubwa ya homoni zinazopimwa kwenye damu ya mjamzito si za mama hata kidogo.

Anza na kondo la nyuma. Yai likisharutubishwa na kuanza kugawanyika, seli zake hushika njia mbili. Baadhi ya zile za ndani zitakuwa mtoto. Za nje zitajichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuwa kondo. Kwa hiyo kondo lina vinasaba vya mtoto, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Ni kiungo cha mtoto kinachoishi ndani ya mwili wa mama, kama ini lake au figo zake, ila hiki hutupwa siku ya kuzaliwa. Mimi nilibeba mimba mbili nikiamini kondo ni langu.

Na kiungo hicho huanza kutoa amri mapema mno. Homoni ile inayofanya kipimo cha mimba kionyeshe mistari miwili hutengenezwa na seli hizo za nje, na kazi yake ni kuiambia ovari ya mama isiache kutoa projesteroni, vinginevyo hedhi itakuja na kila kitu kitabebwa nayo. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 kondo lenyewe linaanza kutoa projesteroni ya kutosha, na ovari haihitajiki tena kwa kazi hiyo. Mtoto wakati huo hajafika sentimita tatu.

Halafu inakuja homoni ambayo, nilipoielewa, niliweka kitabu chini nikakaa kimya. Inaitwa laktojeni ya kondo. Huongezeka kadiri kondo linavyokua, na mwishoni mwa mimba kondo hutengeneza gramu moja au zaidi ya homoni hii kila siku, kiasi kikubwa ajabu kwa homoni. Pamoja na homoni ya ukuaji ambayo nayo hutoka kwenye kondo, huugeuza mwili wa mama: seli zake zinaanza kuikaidi insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli, mafuta yake yanayeyushwa ili yeye ayatumie kama nishati, na sukari inabaki kwenye damu muda mrefu zaidi baada ya kula. Inabaki kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya yule aliye upande wa pili wa kondo. Mama hulipishwa ili mtoto apate.

Kongosho la mama likiweza kuongeza insulini ya kutosha, mizani haiyumbi. Likishindwa, sukari inapanda, na hicho ndicho kisukari cha mimba. Ndiyo maana kwa kawaida hutafutwa kati ya wiki ya 24 na ya 28, wakati amri za kondo zimeshapata nguvu, na ndiyo maana kwa wengi sukari hurudi chini mara kondo likishatoka. Kwangu kilionekana wiki ya 27 ya mimba ya pili. Nilifuata kila nililoelekezwa, nikatembea kila jioni hadi miguu ikavimba. Mtoto bado alikuja na gramu 4,100.

Sasa, mtu akisoma kwamba akina mama wenye laktojeni nyingi huwa na watoto wakubwa zaidi, anaweza kudhani homoni hiyo ndiyo inayomkuza mtoto, basi ingefaa iongezwe. Lakini wamewahi kupatikana wanawake ambao mimba zao hazikutoa homoni hiyo kabisa, kwa sababu kinasaba chake kilikuwa kimefutika, na watoto wao wakazaliwa wazima na wenye ukubwa wa kawaida. Kumbe kondo kubwa hutoa homoni nyingi, na kondo kubwa humlisha mtoto vizuri, kwa hiyo homoni na uzito hupanda pamoja. Moshi mwingi hukuambia moto ni mkubwa, lakini si moshi unaoivisha chungu.

Hakuna homoni inayoeleza jambo hili vizuri kuliko estrioli, aina ya estrojeni, yaani homoni ya kike, ambayo wakati wa mimba huwa nyingi mno. Njia yake ni ndefu na nzuri. Kondo linataka kutengeneza estrojeni lakini halina kimeng'enya cha kufikia malighafi yake. Malighafi hiyo hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo za mtoto, tezi ambazo tumboni huwa kubwa kupita kiasi kwa mwili mdogo kama ule. Ini la mtoto linaibadilisha kidogo. Kisha damu inaipeleka kwenye kondo, kondo linaikamilisha, na estrioli inaingia kwenye damu ya mama na kutoka kwenye mkojo wake. Karibu malighafi yote ni ya mtoto. Mama ni mto tu unaopitisha.

Ndiyo sababu katika miaka ya 1960 na 1970 wajawazito wengi walipewa chupa kubwa wakusanye mkojo wa saa 24, ukapimwe estrioli. Kiwango kikishuka, madaktari waliingiwa na hofu kwamba mtoto amedhoofika au haongezeki. Nikiwaza wanawake wale, na chupa zao, na usiku wa kusubiri majibu, moyo unaniuma, kwa sababu kipimo hicho hatimaye kiliachwa. Majaribio hayakuonyesha kwamba kinaokoa watoto, na altrasaundi ilikuwa imeshafika kumtazama mtoto mwenyewe badala ya kivuli chake.

Na hapa pia maumbile yametuwekea mfano wa kutuzuia tusiharakishe. Wako watoto, wengi wao wavulana, wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja cha kondo, na mimba zao hutoa estrioli kidogo sana. Uchungu unaweza kuchelewa, na ngozi ya mtoto baadaye huwa kavu yenye magamba. Lakini wanakua tumboni kama wenzao. Estrioli ndiyo hupatana zaidi na uzito wa kuzaliwa kati ya estrojeni zote zilizochunguzwa, kwa sababu inatoka kwa mtoto mwenyewe: mtoto mkubwa ana tezi kubwa na kondo kubwa, anapeleka malighafi nyingi, na estrioli inakuwa nyingi. Tunasoma homoni kwenye damu ya mama na kusema mama ndiye kampa mtoto ukubwa, kumbe ni mtoto aliyempa mama homoni.

Wataalamu wenyewe walipita njia hiyohiyo ya kudhani. Mwaka 1990 Dimitrios Trichopoulos alichapisha katika jarida la Lancet wazo kwamba saratani ya matiti ya mtu mzima huenda mbegu yake hupandwa tumboni, kupitia estrojeni nyingi za mimba. Uzito wa kuzaliwa ulitumika kama alama ya homoni hizo: mtoto mkubwa, ilidhaniwa, aliogelea kwenye estrojeni nyingi. Ili kulipima wazo hilo, wajawazito wa Boston, Marekani, ambako saratani hiyo ilikuwa nyingi, walilinganishwa na wajawazito wa Shanghai, China, ambako ilikuwa chache. Damu zao zilichukuliwa mara mbili katika mimba. Ilitarajiwa wanawake wa Boston ndio watakuwa na homoni nyingi, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakubwa zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalikuja kinyume: wa Shanghai ndio waliokuwa na estrojeni nyingi zaidi, na watoto wao walikuwa wadogo.

Napenda sana utafiti ule, na napenda zaidi kwamba uliandikwa kama ulivyotoka. Haukuua wazo zima. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti 32 ulionyesha kwamba wanawake waliozaliwa wakubwa, na hasa warefu, wana hatari iliyozidi kidogo ya saratani ya matiti, kidogo tu, si ya kumnyima mtu usingizi. Lakini utafiti ule wa Boston na Shanghai ulivunja ule mstari ulionyooka kati ya wingi wa homoni za mama na ukubwa wa mtoto. Ndani ya kundi moja la wanawake, kiwango cha homoni fulani kinaweza kupanda pamoja na uzito. Kati ya kundi na kundi, mambo mengine mengi yanaingia, na mstari unapotea.

Basi ni homoni ipi hasa inayomkuza mtoto tumboni? Jibu lililonishangaza ni insulini, na si ya mama. Insulini ya mama haivuki kondo. Sukari ndiyo inayovuka. Jørgen Pedersen, daktari wa Denmark, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1950: sukari ya mama ikipanda, ya mtoto nayo inapanda, kongosho la mtoto linajibu kwa kutoa insulini nyingi, na insulini hiyo inafanya kazi kama homoni ya ukuaji, inaweka mafuta na kunenepesha. Siku ya kuzaliwa kitovu kinakatwa, sukari ya mama inakoma ghafla, lakini insulini ya mtoto bado inazunguka. Ndipo sukari yake inaposhuka. Ndicho kile kisigino kilichochomwa. Nilipoielewa sentensi hiyo nilirudi moyoni mwangu hadi kwenye wodi ile, na kwa mara ya kwanza nilijua nilichokuwa nakitazama.

Mwaka 2008 utafiti mwingine, wa wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ulionyesha kwamba hakuna ukuta kati ya sukari salama na sukari ya hatari. Kila kiwango kinapopanda, hata ndani ya mipaka inayoitwa ya kawaida, uwezekano wa mtoto mkubwa nao unapanda polepole.

Ushahidi ulio safi kuliko wote ulitoka kwa familia chache zenye hitilafu ya kinasaba kimoja, kile kinachosaidia kongosho kuhisi sukari. Andrew Hattersley na wenzake wa Uingereza walichapisha mwaka 1998. Mama akiwa na hitilafu hiyo, sukari yake iko juu kidogo daima, na mtoto asiyeirithi huzaliwa mzito kwa takriban gramu 600. Mtoto akiirithi yeye ilhali mama hana, kongosho lake halisikii sukari vizuri, hutoa insulini kidogo, na huzaliwa akiwa amepungukiwa na takriban gramu 500. Wakiwa nayo wote wawili, mama na mtoto, uzito unakuwa wa kawaida. Soma tena hilo la mwisho. Mama ana sukari ya juu, mtoto anazaliwa wa kawaida, kwa sababu mwenye kuamua si sukari peke yake bali jinsi mtoto anavyoijibu.

Mama hata hivyo si mpita njia. Mwaka 1938 Walton na Hammond wa Cambridge walipandisha, kwa mbegu zilizoingizwa kwa mirija, farasi wa aina mbili, Shire ambaye ni jitu na Shetland ambaye ni mdogo sana. Vinasaba vya watoto vilikuwa mchanganyiko uleule, nusu kwa nusu, kwa njia zote mbili. Lakini mtoto aliyebebwa na mama mkubwa alizaliwa mkubwa kwa mbali kuliko yule aliyebebwa na mama mdogo. Mwili wa mama huweka mpaka, na mpaka huo haumaanishi unyimi. Bila huo farasi mdogo angekufa akijifungua. Upande wa baba nao una sauti yake: homoni kuu ya ukuaji wa kijusi, inayofanana na insulini, husomwa kutoka kwenye nakala ya baba tu, na panya wanaokosa nakala hiyo huzaliwa na uzito wa asilimia 60 hivi ya wenzao. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza baba, mtoto akiwa mdogo, kama alikuwa anakula.

Kortisoli, homoni ya msongo, nitaigusa tu, maana inatumiwa vibaya kuwatisha wajawazito. Ni kweli kortisoli nyingi ikimfikia mtoto hupunguza ukuaji. Lakini katika kila mimba yenye afya kortisoli ya mama hupanda mara mbili hadi tatu, na kondo lina kimeng'enya kinachoizima sehemu kubwa yake kabla haijavuka. Siku moja ya kulia haimpunguzi mtoto.

Ambalo siwezi kuligusa tu ni dawa ya DES. Ilikuwa estrojeni ya kutengenezwa maabara, iliyoundwa mwaka 1938. Hoja ya walioisukuma ilikuwa ileile niliyoieleza: mimba zinazokwenda vibaya zina homoni chache, basi tuongeze homoni. Wakapewa mamilioni ya wajawazito ili mimba zisiharibike, na matangazo ya miaka ya 1950 yaliahidi hata watoto wakubwa na wenye nguvu zaidi. Mwaka 1953 jaribio la Chicago lililohusisha zaidi ya wanawake 1,600 lilionyesha kwamba dawa haisaidii. Iliendelea kuandikwa kwa karibu miaka 20 zaidi. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston waliripoti wasichana 8 wenye saratani adimu ya uke, na mama za 7 kati yao walikuwa wamemeza DES wakiwa wajawazito. Wale mama walimeza vidonge kwa upendo. Waliambiwa homoni zao hazitoshi, wakaamini, kama mimi nilivyoamini kwamba sikula. Nikifika hapa huwa nafunga kitabu.

Haimaanishi chakula hakina maana. Katika njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, watoto ambao mama zao walikumbwa nayo miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa pungufu kwa takriban gramu 300. Hiyo ilikuwa njaa ya vita, eneo zima la magharibi mwa nchi limezuiwa kuletewa chakula. Na hata hapo mwili wa mama ulikinga sehemu kubwa ya uzito wa mtoto kwa kujila wenyewe. Sigara hupunguza, malaria hupunguza, shinikizo la damu la mimba hupunguza, na haya yanatibika au yanazuilika, kwa hiyo mkunga anayeuliza kuhusu hayo anafanya kazi yake na namshukuru. Mwaka 2020 watoto wapatao milioni 19.8 duniani walizaliwa chini ya gramu 2,500. Siwezi kuamini kwamba nyuma ya kila mmoja kuna mwanamke mchoyo.

Mwaka huu, nikitafuta cheti kingine, nilikuta karatasi ya kuruhusiwa hospitali ya mwanangu wa kwanza. Gramu 2,450 nilikuwa nimeisoma mara mia. Mistari minne chini yake, kwa mwandiko uleule, kulikuwa na maneno ambayo sikuwahi kuyaona: "Kondo limetoka kamili. Dogo."

Nilimpelekea shangazi. Macho yake sasa ni dhaifu, akaileta karatasi karibu na dirisha, akafuatisha mstari kwa kidole. Nikamweleza kondo ni la nani, linaanzia wapi, linatoa nini. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo lilikuwa la mtoto," akasema.

"La mtoto, shangazi."

Akaikunja karatasi taratibu kwa mikunjo yake ileile ya zamani, akanirudishia, kisha akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia yuko nje, anacheza na mdogo wake. Akasimama akaenda kumtazama.